Kitasa janja cha mlango wa mbele: nianze kuangalia nini kabla ya kununua?

MamaWawili, Tabata, Dar es Salaam

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Naomba ushauri wa watu waliokwisha kufunga vitasa janja kwenye nyumba zao, yaani vile vya kufunguliwa kwa nambari, kidole, kadi au simu, si wa walioviona dukani tu. Mlango wetu wa mbele ni wa mninga, ulichongwa na seremala wa hapa hapa mtaani miaka sita iliyopita, na nje yake kuna mlango wa grili unaofungwa kwa kufuli. Kitasa kilichopo ni cha kawaida cha Union, cha kuchimbiwa ndani ya ubao. Tatizo langu si wezi wa kuvunja, ni funguo. Ndani ya mwaka mmoja nimebadilisha dada wa kazi mara tatu, na kila mmoja alipoondoka nililala kwa wasiwasi, kwa sababu ufunguo wa kitasa hiki unachongwa pale kituo cha daladala kwa dakika chache na hakuna anayekuuliza mlango ni wa nani. Mara mbili nimenunua kitasa kipya kwa sababu hiyo hiyo. Watoto nao, mmoja wa darasa la tano na mwingine wa kidato cha kwanza, hurudi kwa saa tofauti, na huyu mdogo amekwisha kupoteza ufunguo mara nne. Mara ya mwisho nilimkuta ameketi barazani kwa jirani, sare ya shule imelowa mvua chapachapa.

Ninachotaka kujua ni haya. Umeme ukikatika, au intaneti ikikatika, tutaingiaje ndani? Mama mkwe wangu ana miaka 74 na anaishi nasi. Wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole alirudishwa mara tatu kwa sababu mashine haikumsoma, sasa kitasa kitamsoma? Na je, ni kweli kwamba kitu chenye programu ya simu kinaweza kufunguliwa na mtu aliyekaa mbali? Bajeti yangu ni shilingi laki tano pamoja na ufundi. Shemeji yangu aliyeko Marekani amejitolea kunitumia kimoja, ila ningependa nisikie kwenu kwanza.

FundiMilango, Dar es Salaam

Dada, karibu. Kufunga milango na vitasa ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nitaanzia kwenye ubao. Kabla ya kuuliza chapa wala bei, chukua futi upime mlango wako, maana wengi wanaonipigia simu huwa wamekwisha kununua, na kilichomo kwenye boksi hakiingii kwenye mlango walio nao. Pima unene wa ubao, kisha umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo, kisha umbali wa wima kutoka katikati ya mkono wa kitasa hadi katikati ya tundu hilo. Vitasa vya mtindo wa Kiingereza, ambavyo ndivyo vimejaa kwenye nyumba zetu, huwa na milimita 57 kati ya mkono na tundu la ufunguo, ilhali vitasa janja vingi vinavyoingia nchini hufuata mtindo wa Ulaya, ambao hapo una 72 au 85. Maana yake ni kwamba shimo la zamani halitatosha, litachimbwa jingine kwa patasi, na bamba la nje la kitasa kipya lazima liwe refu na pana kiasi cha kufunika matundu yaliyopo. La sivyo utabaki na kidonda mlangoni ambacho hata vanishi haikifichi. Mninga ni mti mwema, unavumilia kuchimbwa mara ya pili. Mara ya tatu sikuahidi.

Zawadi ya shemeji ipokee kwa shukrani, lakini si kwa mlango huu. Kitasa cha Kimarekani kinataka tundu la duara lenye kipenyo cha milimita 54 lililotobolewa kupenya ubao upande hadi upande, na vingine si kitasa kamili bali ni mota inayofungwa upande wa ndani ili kuzungusha komeo la Kimarekani ambalo tayari lipo. Wewe huna komeo hilo. Nimekwisha kuona wawili waliotobolewa mlango mzuri kwa ajili ya kitu cha namna hiyo, na mmoja wao alilia.

Sasa jambo ambalo ningeliweka mbele ya mengine yote. Nenda mlangoni, ufunge, kisha uzungushe ufunguo kwa vidole viwili bila kusukuma mlango kwa goti wala kuuvuta kwa mkono mwingine. Ukizunguka kama kijiko ndani ya uji, mlango wako uko tayari. Ukilazimika kusukuma au kuinua, basi kile ambacho mkono wako unafanya bila wewe kufikiri, mota ya kitasa janja haitaweza kukifanya. Mteja wangu mmoja wa Kigamboni alilalamika kwamba betri zinamwishia kila baada ya wiki tatu, akabadilisha betri, akabadilisha hata kitasa, na bado kikawa kinapiga kelele usiku. Nilipofika nilipaka chaki kwenye ulimi wa kitasa, nikafunga mlango, nikafungua: alama ya chaki ilikuwa juu ya bati la kwenye fremu, milimita mbili nje ya tundu lake. Mlango ulikuwa umevimba kwa mvua za masika, ulimi unagonga chuma, mota inasukuma hadi inakata tamaa, inajaribu tena. Niliipanua ile nafasi kwa tupa, nikapiga randa kidogo ukingoni, na betri zile zile zikaendelea kwa miezi.

Kuhusu umeme usiogope. Vitasa vingi vya aina hii vinatumia betri nne ndogo, zile za rimoti kubwa, ambazo kwa pamoja ni volti 6, kwa hiyo LUKU ikiisha au mtaa ukiwa gizani mlango hauna habari. Ila nunua betri za alkali. Zile za bei ya chini kabisa hufa haraka na huvuja maji yanayokula vituo vya betri. Za kuchaji nazo zina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo kitasa kitadhani zimekwisha wakati bado zina nguvu. Halafu angalia chini ya kitasa upande wa nje: kiwe na vituo viwili vya kugusishia betri ya volti 9, au tundu la chaja ya simu, ili betri za ndani zikifa ukiwa nje ukipe uhai kwa pawabenki. Na kiwe na tundu la ufunguo wa kawaida. Huo ufunguo usiuweke ndani ya nyumba. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuitwa saa tano usiku na mtu ambaye ufunguo wake wa dharura ulikuwa kwenye kabati la chumbani.

MzeeWaMigombani, Moshi

Mwanangu, marahaba. Mimi nakupa ushauri wa bei nafuu. Kama shida ni dada wa kazi kuondoka na ufunguo, funga kitasa cha silinda, yaani ambacho kipande kinachoingia ufunguo kinachomoka peke yake, badala ya hicho chako; akiondoka mtu unafungua skrubu moja, unachomoa silinda, unaweka nyingine, na kitasa kinabaki pale pale. Zipo pia silinda ambazo ufunguo wake hauchongwi bila kadi ya mwenye nyumba. Hakuna betri, hakuna simu. Kuhusu watoto wanaopoteza funguo sina dawa. Wangu walipoteza hadi walipooa.

Msimbo_Nairobi

Dadangu, fundi amemaliza mambo ya ubao. Mimi niseme kuhusu programu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Swali lako la intaneti lina jibu fupi: kitasa kilichoundwa vizuri hujiamulia chenyewe. Nambari za siri, alama za vidole na kadi huhifadhiwa ndani ya kitasa, na mtoto anapobonyeza nambari yake hakuna ruta wala seva inayoulizwa. Rununu nayo huongea na kitasa kwa Bluetooth ukiwa umesimama karibu. Waifai inahitajika tu ukitaka kufungua ukiwa mbali, au kujulishwa papo hapo kwamba mtoto ameingia, nayo hula betri kwa kasi. Ndiyo maana vitasa vingi hutegemea kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya ukutani, kikipokea ujumbe wa kitasa kwa Bluetooth na kuupitisha kwenye waifai. Stima zikipotea, kisanduku hicho hufa pamoja na ruta, na kitasa huendelea na kazi yake.

Kwa nyumba kama yako ningetafuta kitasa ambacho programu yake inaweza kutunga nambari za muda hata kama kitasa hakina mtandao. Rununu na kitasa huwa na siri moja na saa moja, kwa hiyo kila kimoja hupiga hesabu ile ile na kupata nambari ile ile. Fundi wa mabomba anakuja ukiwa kazini? Unamtumia kwa ujumbe nambari inayofanya kazi kuanzia saa nne hadi saa sita, na baada ya hapo ni tarakimu tu. Mfanyakazi wa nyumbani akiondoka, unafuta yake na za wengine hazisumbuliwi. Uliza tu iwapo saa ya kitasa hurekebishwa na rununu unapokikaribia, kwani saa ikiteleza nambari halali hukataliwa na utashindwa kujua kwa nini.

Umeuliza kama mtu wa mbali anaweza kufungua. Hatari iliyo karibu nawe zaidi ni ya namna nyingine kabisa: anayekufungia kitasa hukisajili kwa rununu yake ili akijaribu, kazi ikiisha anakuonyesha jinsi ya kubonyeza, mnaagana, na yeye ndiye anayebaki kuwa mwenye kitasa kwenye programu. Anaweza kutunga nambari akiwa kwake. Simsemi fundi aliyejibu hapo juu, ila sharti kitasa kisajiliwe kwa rununu yako, mbele ya macho yako, kwa akaunti yenye nywila usiyoitumia kwingineko, na nambari ya kiwandani, ambayo mara nyingi ni 123456, ibadilishwe kabla hajakusanya vifaa vyake.

Makosa ya watengenezaji nayo yapo. Mnamo Agosti 2017 kampuni moja ya Marekani ilituma sasisho lisilofaa, na vitasa kama 500 vikaacha kutii nambari, vingi vikiwa kwenye nyumba za kupangishia wageni; tundu la ufunguo wa kawaida ndilo lililookoa hali. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walifungua kufuli moja la alama ya kidole kwa rununu katika muda usiozidi sekunde mbili, kwa sababu siri ya kulifungua ilikokotolewa kutokana na anwani ya Bluetooth ambayo kufuli lenyewe lilikuwa likiitangaza hewani. Kwa hiyo nunua kitu ambacho mtengenezaji wake anajulikana na bado anatoa masasisho, hata kama kina madoido machache. Kadi za kugusisha uzipe imani kidogo: aina moja iliyoenea sana ilivunjwa siri yake tangu 2008, na kadi za bei ya chini hunakiliwa kwa urahisi ule ule wa ufunguo wako pale kituoni.

Kidokezo kimoja kwa watoto: vitasa vingi hukubali tarakimu za ziada kabla na baada ya nambari halisi. Wafundishe kubonyeza mbili tatu za uongo kwanza, ili anayechungulia nyuma yao asiambulie kitu, na ili alama za mafuta ya vidole zisibaki kwenye vitufe vile vile sita kila siku.

BarazaYaShangani, Unguja

Assalaam aleikum. Dada yangu, sisi tuna nyumba ndogo ya wageni Mji Mkongwe, vyumba sita, na kila chumba kina kitasa cha namba kwa sababu wageni wa boti ya jioni hufika wakati mpokeaji amekwisha kwenda kwao. Mlango mkubwa wa mbele hatukuugusa. Ni wa kuchongwa, wa mbao mbili na mfaa katikati, na mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Huendi kutoboa mlango kama huo kwa keekee. Una komeo lake na mlinzi wake, nao wanatosha.

Nitakalokwambia ni la chumvi. Tabata si ufukweni, lakini hewa ya pwani ni hewa ya pwani. Vitasa vyetu vya mwanzo vilikuwa vizito mkononi na vinang'aa kama kikombe cha zawadi, na kabla mwaka haujaisha rangi ilianza kubabuka kwenye mikono, ndani tukakuta vituo vya betri vina kutu ya kijani. Chuma cha pua cha daraja la 316 hustahimili chumvi kuliko cha 304, na vyote viwili ni bora kuliko aloi ya zinki iliyopakwa rangi. Muuzaji akishindwa kukwambia ni chuma gani, chukulia kuwa ni hiyo ya tatu. Siku hizi tunafungua vifuniko vya betri kila baada ya miezi mitatu na kupangusa kwa kitambaa kikavu.

Kuhusu bibi wa miaka 74. Mpishi wetu amekuna nazi na kumenya muhogo maisha yake yote, na kidole chake kitasa kilikuwa hakikijui asubuhi wala jioni. Tulimsajili kidole gumba cha kulia mara tatu kama watu watatu tofauti, mara moja kikiwa kikavu, mara moja baada ya kuosha vyombo, na cha kushoto mara mbili. Hapo ikawa anapita mara nyingi, si kila mara. Na binti anayesafisha vyumba alipotoka harusini na hina mbichi kwenye ncha za vidole, alikataliwa kwa zaidi ya wiki. Kwa hiyo mama mkwe mpe alama ya kidole kwa heshima yake, lakini mpe na namba atakayoikumbuka, na vitufe viwe vikubwa, vyenye mwanga na vinavyotoa sauti. Vile vya kioo cheusi kitupu, ambavyo lazima uvipapase ndipo viwake, wazee huwa hawavipendi. Hata mimi sivipendi, na sijazeeka.

MamaWawili

Nawashukuru sana nyote. Baba wa Moshi, watoto wangu nimewasomea maneno yako. Kaka fundi, nimepima: ubao una milimita 44, kutoka ukingoni hadi tundu la ufunguo ni 57, na kutoka mkono wa kitasa hadi tundu ni 57 kama ulivyosema. Jaribio la vidole viwili nimelishindwa. Kumbe siku zote mimi huinua mkono wa kitasa juu kidogo kabla ya kuzungusha ufunguo, na sikuwahi kujiona nikifanya hivyo.

Ila nimegundua jambo jingine ambalo limenifanya nijicheke. Mlango ambao watoto wangu huukuta kwanza si wa mninga, ni wa grili, na ule unafungwa kwa kufuli lenye ufunguo. Nikiweka kitasa cha laki nne kwenye mninga na kufuli likabaki kwenye grili, huyu mdogo ataendelea kukaa kwa jirani. Nifanyeje? Niweke kitasa janja kwenye grili badala yake?

FundiMilango

Dada, hapo umeona jambo ambalo wateja wengi hulijua baada ya kulipa. Kitasa janja kwenye grili kinawezekana, kwa bamba la chuma la kuchomelea, lakini kitakuwa nje kwenye mvua na jua la mchana kutwa, kwa hiyo kiwe kilichotengenezwa kwa ajili ya nje, na upande wake wa ndani ukingwe kwa bati ili mtu asipitishe mkono kati ya nondo akazungusha kitasa kutoka ndani. Gharama itapita bajeti yako. Kwa nyumba yako ningefanya hivi: mchana, mtu akiwa nyumbani au watoto wakitarajiwa, grili irudishwe bila kufuli na mninga ndio ufungwe kwa kitasa janja, usiku grili ifungwe kutoka ndani. Mkisafiri, vyote viwili.

Hapo penye usiku nina ombi. Mama mkwe yuko ndani, watoto wako ndani, na jiko la gesi liko ndani. Kwenye mninga chagua kitasa ambacho mkono wake wa ndani unafungua papo hapo kwa kushusha tu, bila namba, bila kidole, hata betri zikiwa zimetolewa. Ukiwa dukani mwambie muuzaji atoe betri mbele yako kisha ujaribu mwenyewe; akikwambia haiwezekani, tafuta duka jingine. Kwenye grili ondoa kufuli la usiku, weka komeo la kusukuma ambalo mtoto wa darasa la tano analifikia, na ambalo limekingwa bati upande wa nje. Watu hufungiwa moshi ndani kwa kufuli ambalo ufunguo wake hakuna anayeukumbuka gizani.

Kuhusu kuinua mkono wa kitasa: mlango unaotaka kusukumwa kwa kawaida umevimba, lakini unaotaka kuinuliwa umelala, na uliolala hautibiwi kwa randa. Bawaba ya juu imelegea. Fungua skrubu zake moja moja. Nina hakika utakuta ni fupi, na mbili kati yake zinazunguka bila kushika. Jaza matundu kwa vijiti vya mninga na gundi ya mbao, ziache hadi kesho yake, kisha weka skrubu ndefu zinazopita fremu na kuingia ukutani, na fanya hivyo hivyo kwenye bati la kitasa. Seremala wa mtaani atakufanyia kwa asubuhi moja. Halafu jaribu tena vidole viwili, mara ishirini, watoto wakihesabu. Kitasa ukinunue baada ya hapo, kwa ubao wa milimita 44, na bamba la nje lisiwe fupi kuliko la Union ulilo nalo.

MamaWawili

Nimezifungua skrubu za bawaba ya juu jioni hii. Ziko nne, zina urefu wa nusu ya kidole changu cha mwisho, na moja ilitoka kwa kucha bila bisibisi. Seremala anakuja Jumamosi.